MALI BILA DAFTARI: Shamba la babu lagawiwa, wewe uko Kariakoo!

*Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana jijini Dar es Salaam, wengi wao wakiwa wachuuzi, mafundi na makondakta waliotoka mikoani. Tumeyachapa karibu yote, kwa sababu yanamgusa kila kijana aliyeacha kijiji nyuma yake. — Mhariri*



Najua saa moja ya kukaa hapa ni fedha inayokupita, na jioni mama mwenye nyumba hatauliza ulikwenda kusikiliza mazungumzo gani, atauliza kodi. Kwa hiyo sitazunguka. Nimekuja kuzungumzia kitu kimoja tu, nacho ni daftari la kijiji chako.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumeuchukua msemo huo tukadhani ni wa wenye maduka peke yao. La hasha! Kijiji nacho kina mali. Kina ardhi, misitu, ushuru wa mnada, michango ya madarasa na zahanati. Na kijiji nacho kina daftari. Taabu ni kwamba daftari lipo, lakini anayelisoma ni mmoja, na anayeandika ndani yake ni huyo huyo mmoja. Wenye mali hawajui hata lina jalada la rangi gani.

Hebu niulize. Hapa tulipo, nani kati yenu amewahi kuingia ofisi ya kijiji chao akaomba kuona muhtasari wa mkutano mkuu? Naona mnacheka. Ofisi ya kijiji mmeizoea kwa mambo mawili: kuchukua barua ya utambulisho na kuitwa kwa kosa. Hizo karatasi nyingine mnaziona za wakubwa. Basi sikilizeni zinavyoweza kukumaliza.

Simu ya usiku

Mnaijua simu ile ya usiku. Mama anapiga, sauti iko chini, anasema: "Mwanangu, wamekuja watu na gari, wamepima kule bondeni, wameweka bikoni mpaka kwenye miembe ya babu yako." Unapanda basi la alfajiri pale Mbezi, nauli umekopa. Unafika kijijini unatoka jasho, unakwenda moja kwa moja kwa mtendaji, na maneno yamejaa mdomoni.

Mtendaji hana haraka. Anakukaribisha kiti. Anafungua kabati, anatoa karatasi. "Kijana, tulia. Mkutano mkuu wa kijiji uliridhia. Hii hapa tarehe, haya hapa mahudhurio, hizi hapa saini." Unatazama majina. La kwanza limo, la pili limo. La tatu ni la mzee aliyezikwa mwaka juzi, naye eti kasaini kwa dole gumba. Lakini utafanya nini? Wewe una mdomo, yeye ana karatasi. Na mbele ya baraza au mahakama, ndugu zangu, mdomo mtupu haufiki mbali ukishindanishwa na karatasi yenye mhuri.

Sisemi kila mtendaji yuko hivyo. Wapo watendaji waadilifu wanaokaa kwenye kiofisi chenye bati linalovuja, bila kabati, madaftari ya kijiji wakiyaweka chini ya kitanda nyumbani kwao ili yasiliwe na mchwa. Hao nawavulia kofia. Lakini daftari linalotegemea uadilifu wa mtu mmoja si daftari salama. Mtu huyo akihamishwa, akifa au akinunuliwa, kijiji kimebaki mikono mitupu. Daftari linalindwa na macho mengi yanayolisoma.

Nani mwenye ardhi ya kijiji?

Sasa tuingie kwenye sheria, maana ukimfuata mtendaji bila sheria utakuwa umekwenda kupiga kelele tu.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ni Namba 5 ya mwaka 1999, na ilianza kutumika mwaka 2001. Sheria hiyo inasema halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi ya kijiji kama mdhamini, kwa niaba ya wanakijiji. Mdhamini maana yake ni mtu uliyemwachia mali akutunzie. Ukimwachia jirani mbuzi wako, hana ruhusa ya kumchinja kwa sababu tu kamba iko mkononi mwake.

Sheria hiyo hiyo inakataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi au kutoa hakimiliki ya kimila bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji kupatikana kwanza. Sikilizeni hilo neno "kwanza". Maana yake si kwamba mgawe halafu mje mtangaze. Na mkutano mkuu si kikao cha watu kumi chini ya mwembe. Ni mkutano wa wakazi wote wa kijiji wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Kwa kawaida unatakiwa kukaa kila baada ya miezi 3, na katika mikutano hiyo halmashauri inawajibika kuwaeleza wananchi imesimamiaje ardhi yao.

Ardhi ya kijiji ikitakiwa kwa manufaa ya umma, na eneo lenyewe halizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kukubali au kukataa. Likizidi hapo uamuzi unakwenda kwa Waziri, lakini hata yeye lazima apate kwanza maoni ya wanakijiji. Mnaona uzito wa mkutano huo? Bibi yako anayeuza dagaa gengeni, akinyoosha mkono pale, mkono wake una nguvu ya kisheria. Ndiyo maana wajanja hawapendi mkutano wenyewe uitwe, wanapenda muhtasari wake tu uandikwe.

Tulikotoka

Wadogo zangu, mambo haya hayakuanza jana. Katika miaka ya 1970 watu walihamishwa kwa Operesheni Vijiji. Mwingine aliacha shamba la ukoo akapewa la mwenzake, na mwenzake akapelekwa kwingine. Ikaja sheria ya vijiji ya mwaka 1975. Enzi zile za chama kimoja, mwenyekiti wa chama pale kijijini ndiye huyo huyo mwenyekiti wa kijiji. Vyama vingi vikarudi mwaka 1992, ikabidi chama na kijiji vitenganishwe. Lakini mazoea hayatengani kwa tangazo la serikali. Hadi leo wapo wanaodhani kuuliza hesabu za kijiji ni kupinga chama, na ukiuliza unaambiwa umetumwa. Hapana. Ofisi ya kijiji si ya chama chochote, wala si ya hiki chetu. Ni ya wakazi.

Katika mvurugano ule wa mashamba, watu walianza kwenda mahakamani kudai maeneo ya baba zao. Walikuwamo baba na mwanawe, wakulima wa kijiji cha Kambi ya Simba, huko Mbulu, mkoani Arusha kwa wakati ule. Walifungua kesi kudai ardhi yao ya kimila na wakashinda. Wengi wa namna yao walipoanza kushinda, mwaka 1992 ikatungwa sheria, Namba 22, iliyofuta haki za kimila katika vijiji vile vilivyoanzishwa, ikazuia fidia na kufunga mlango wa mahakama. Yaani umeshinda kesi, halafu unaambiwa ulichoshinda hakipo!

Wakulima wale hawakukubali. Shauri likafika Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, na mwaka 1994 mahakama hiyo ikatamka kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali, inalindwa na Katiba, na mtu hawezi kunyang'anywa bila fidia ya haki. Ikasema pia kwamba kuwafungia wananchi mlango wa mahakama ni kinyume cha Katiba. Wakulima wa jembe la mkono walisimama mbele ya serikali, wakasikilizwa.

Miaka hiyo hiyo kulikuwa na Tume ya Rais juu ya masuala ya ardhi, chini ya Profesa Issa Shivji. Iliundwa mwaka 1991, ikazunguka nchi ikisikiliza wananchi, ikatoa taarifa yake mwaka 1992. Taarifa ile ilikuja kuchapishwa mwaka 1994, na ilichapishwa Uppsala, nchini Uswidi, kwa ushirikiano na Wizara ya Ardhi. Fikirini wenyewe. Mkulima aliyetoa ushahidi wake chini ya mti anatakiwa akasome maneno yake kwenye kitabu kilichopigwa chapa Ulaya, tena kwa Kiingereza. Hivyo ndivyo kumbukumbu za umma zinavyoweza kuwapo na wakati huo huo zisiwepo kwa mwenyewe.

Karatasi nne za kuulizia

Sasa ukifika kijijini uulizie nini? Usiseme "naomba kuona mafaili". Hapo utajibiwa mafaili ni ya serikali. Taja karatasi kwa jina lake. Anayejua jina la kitu si rahisi kumdanganya.

Ya kwanza ni muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, pamoja na orodha ya mahudhurio. Angalia tarehe, ajenda na majina. Kisha nenda kwa majirani watatu au wanne waliotajwa humo uwaulize: mlikuwepo? Mlisaini nini? Watendaji wengine wana tabia ya kuwasainisha watu mahudhurio ya mkutano wa chandarua, halafu karatasi ile inabandikwa kwenye muhtasari wa kugawa ardhi.

Ya pili ni daftari la ardhi ya kijiji. Kila halmashauri ya kijiji inatakiwa kisheria kuwa nalo, na mtunzaji wake ni afisa mtendaji wa kijiji. Humo ndimo zinamoandikwa hakimiliki za kimila. Kama shamba lenu lina hati ya hakimiliki ya kimila, hakikisha limeandikwa humo, na kwa majina sahihi. Kama halina hati, usitishike. Kesi ile ya 1994 imekwambia haki yako ipo hata bila hati. Lakini anza safari ya kuipata. Maombi yakishawasilishwa yakiwa kamili, halmashauri ya kijiji ina siku 90 za kuyaamua.

Ya tatu ni taarifa ya mapato na matumizi. Hii inatakiwa isomwe mbele ya wananchi na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Mchango wa darasa mliotumiwa ujumbe wa simu huku mjini, nanyi mkatuma, uko kwenye mstari gani? Stakabadhi yake ina namba gani? Asiyekupa stakabadhi amekuomba hisani, hajakusanya mapato ya kijiji.

Ya nne ni sheria ndogo za kijiji na mpango wa matumizi ya ardhi, kama upo. Hapo ndipo utajua bonde lile limetengwa kwa kilimo, malisho au makazi. Mgawaji anayegawa malisho kuwa mashamba anavunja karatasi yake mwenyewe.

Na jingine dogo lakini linaua watu. Mjomba anapouza shamba la ukoo kwa mtu wa nje, kwenye ukurasa uliochanwa kwenye daftari la shule, na mashahidi wawili waliokunywa pombe ya muuzaji, kuna kitu kinakosekana. Kuhamisha hakimiliki ya kimila kunahitaji kibali cha halmashauri ya kijiji. Uliza kibali kiko wapi. Na usimsahau mama yako na dada zako. Sheria ya 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya ardhi. Wapo vijana wanaolalamika kudhulumiwa na mtendaji, huku wao wenyewe wamemdhulumu dada yao kwa kisingizio kwamba ameolewa. Daftari likifunguliwa, lifunguliwe kwa wote.

"Wewe si mkazi!"

Hapa ndipo wengi wenu mtakwama, na lazima tuambiane ukweli.

Mtendaji mjanja atakwambia: "Kijana, wewe unaishi Dar, si mkazi wa hapa." Kwa upande mmoja anasema kweli. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi. Wewe uliyehamia Manzese miaka 8 iliyopita huna kura pale, hata kama kitovu chako kimezikwa pale. Kwa hiyo usikimbilie kupiga kelele mkutanoni ukapewa sababu ya kutolewa. Wenye kura ni mama, kaka, shemeji na jirani. Kazi yako ni kuhakikisha wanakwenda mkutanoni na wanajua cha kuuliza. Vijana wengi mnatuma fedha ya sabuni na sukari nyumbani, na ni jambo jema. Sasa tuma na swali. Mwambie mama: "Mkutano ukikaa, uliza muhtasari wa mkutano uliopita usomwe." Swali hilo halina nauli.

Lakini kwa upande mwingine mtendaji anakudanganya. Haki ya kupata taarifa si ya mkazi peke yake. Katiba, katika Ibara ya 18, inaitaja haki ya mwananchi kupewa taarifa. Na kwa Tanzania Bara ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya mwaka 2016, inayompa haki hiyo kila raia. Ofisi ya umma ikipokea ombi lako inatakiwa kujibu mapema iwezekanavyo, na isizidi siku 30. Ikikukatalia, itoe sababu. Inaweza kukudai gharama ya nakala, nayo ulipe na uchukue stakabadhi.

Sheria hiyo ina mianya yake. Taarifa zipo za aina fulani ambazo ofisi inaruhusiwa kuzizuia, kama za usalama wa taifa au za faragha ya mtu. Lakini muhtasari wa mkutano wa hadhara, uliofanyika mbele ya watoto na mbuzi, utakuwaje siri ya serikali?

Namna ya kudai bila kugombana

Usiende ukiwa umekunywa. Usiende na kundi la vijana watano waliovaa miwani ya giza, utaitiwa mgambo, na siku hiyo wewe ndiwe utakayeandikwa kwenye daftari. Nenda asubuhi, na mtu mzima mmoja wa familia, msalimie mtendaji vizuri, omba kwa mdomo kwanza. Wengi watakuonyesha. Ukionyeshwa, andika tarehe na namba za kurasa.

Ukipigwa chenga, "njoo kesho", "mtendaji yuko semina", "ufunguo anao mwenyekiti", basi andika barua. Si lazima uwe msomi. Jina lako, kijiji, tarehe, halafu maneno haya yanatosha: "Naomba kupatiwa nakala ya muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji unaodaiwa kuidhinisha ugawaji wa ardhi katika eneo fulani, pamoja na orodha ya mahudhurio." Weka saini. Andika nakala mbili. Moja mwachie, ya pili agonge mhuri au aandike "imepokelewa", tarehe na jina lake. Nakala hiyo iliyogongwa mhuri ndiyo silaha yako. Kuanzia siku hiyo hesabu siku 30 zimeanza kutembea.

Akigoma kuipokea, usichane barua. Peleka kwa mtendaji wa kata, na nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya. Kumbukeni mtendaji wa kijiji ni mwajiriwa, ana bosi. Mwenyekiti ni wa kuchaguliwa, bosi wake ni ninyi kila baada ya miaka 5. Uchaguzi wa mwisho wa serikali za mitaa ulikuwa Novemba 2024. Na pale wilayani kuna masijala ya ardhi. Daftari la kijiji likidaiwa limeliwa na panya, nenda kaulize masijala ya wilaya wana nini. Panya wa kijijini hawafiki wilayani.

Kama mgogoro umeshaiva, kuna Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7, na kati yao wanawake wasipungue 3. Linasuluhisha. Kuna Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 nalo kazi yake kwenye ardhi ni kusuluhisha, si kutoa hukumu. Usuluhishi ukishindikana, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko kote utaulizwa swali moja: una karatasi gani?

Saa inatembea

Msije mkasema tutafuatilia mambo yakitulia. Kuna hesabu mbili lazima mwondoke nazo hapa.

Ya kwanza ni miaka 5. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema ardhi isiyokaliwa wala kutumiwa kwa muda usiopungua miaka 5 inaweza kuhesabiwa kuwa imetelekezwa. Halmashauri ya kijiji lazima itoe notisi kwanza, lakini notisi itabandikwa kijijini, na wewe uko Tandale. Basi shamba lisikae pori. Mpe ndugu alime, kwa maandishi, ijulikane analima kwa niaba ya nani.

Ya pili ni miaka 12. Sheria ya Ukomo wa Muda ya mwaka 1971 inatoa miaka 12 ya kufungua shauri la kudai ardhi. Kijana anakuja mjini ana miaka 19, anasema atarudi akipata mtaji. Mtaji haupatikani haraka, mnajua wenyewe. Anarudi ana miaka 33, amepata mke na watoto wawili, anataka kujenga. Anamkuta mtu mwingine shambani, ana nyumba ya tofali, minazi imezaa. Anakwenda mahakamani, anaulizwa: ulikuwa wapi siku zote hizo? Umachinga si utetezi.

Na huku mtaani je?

Nimesema sana juu ya kijiji. Lakini jueni kwamba hapa mjini ninyi ni wakazi, na mtaa nao una mwenyekiti, mtendaji, mkutano mkuu na madaftari. Hapa kura mnayo. Mbona hamwendi?

Nitoe mfano mmoja unaowahusu. Mwaka 2018 sheria ya fedha za serikali za mitaa ilirekebishwa, ikazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 serikali ilisimamisha mikopo hiyo ili kupanga upya utaratibu, na mwaka 2024 ikarejeshwa. Hizo asilimia 4 ni zenu. Je, kata yenu vimepata vikundi vingapi? Vya nani? Vinafanya shughuli gani, wapi? Kama kikundi cha ufugaji kuku kimepata mikopo na hapa mtaani hakuna aliyewahi kusikia jogoo wao akiwika, nani aulize kama si ninyi?

Na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kila mwaka hutoa ripoti ya serikali za mitaa, ikitaja halmashauri kwa majina. Ikishawasilishwa Bungeni inawekwa hadharani, na unaweza kuisoma kwenye simu hiyo hiyo unayotazamia matokeo ya mpira. Mnajua Simba kamfunga nani na dakika ya ngapi. Someni na halmashauri yenu imefungwa ngapi.

La kufanya

Ndugu zangu, sikuwaahidi miujiza. Kusoma daftari hakutarudisha kila shamba lililokwenda. Mwingine atapiga barua tatu na asijibiwe. Mwingine atatishwa. Lakini mwizi wa mali ya umma anaogopa kitu kimoja kuliko maandamano, nacho ni mtu mtulivu mwenye nakala iliyogongwa mhuri.

Kwa hiyo nawaachia kazi. Kabla ya sikukuu inayokuja, Idd au Krismasi, kila mmoja aende nyumbani na kalamu. Vijana wa kijiji kimoja mliopo hapa mjini, kaeni pamoja, mgawane kazi: huyu muhtasari, huyu daftari la ardhi, huyu mapato na matumizi. Mkirudi mjini mkutane tena, kila mmoja aweke mezani alichopewa na alichonyimwa. Alichonyimwa ndicho mkiandikie barua.

Mwaka huu mtendaji akifungua lile kabati, asikukute umesimama mlangoni unahema. Akukute umekaa, daftari lako liko magotini, na ukurasa wa tarehe ile ile aliyokutajia umeshaujaza.